Daluga za Nyasi Bandia: Kiatu Kishike, Kisha Kiachie

Kikapu cha barua mwezi huu kimejaa viatu. Wasomaji wengi wamehamia kwenye viwanja vya nyasi bandia wakiwa na daluga, au njumu kama wengine waziitavyo, zilizotengenezwa kwa ajili ya nyasi zinazoota ardhini, na sasa wanashangaa miguu inapoanza kulalamika. Tumechagua barua saba, na ndefu kati yake tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni beki wa kulia katika timu ya daraja la chini. Kwa miaka mingi tulicheza kwenye nyasi za kawaida, na daluga zangu zenye herufi FG, yaani za nyasi za asili kwenye ardhi ngumu, hazikuwahi kunisumbua. Tangu tuhamie kwenye uwanja wa nyasi bandia, nyayo zinawaka moto baada ya nusu saa, na mara mbili nimehisi goti likivutwa nilipogeuka ghafla kumfuata winga. Wenzangu wanalaumu uwanja, kocha analaumu viatu. Nani anasema kweli?

Kocha wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa wenzako hawajakosea kabisa. Fikiria kinachotokea unapokanyaga na kugeuka juu ya nyasi za asili. Meno ya kiatu yanazama kwenye udongo na kukupa mahali pa kusukumia mwili, lakini nguvu ya mgeuko ikizidi, udongo wenyewe unakatika: donge la nyasi linang'oka, unyayo unazunguka, na goti linapona. Nyasi bandia hazina huruma hiyo. Nyuzi zake za plastiki zimeshonwa kwenye kitambaa kigumu, katikati yake pamejazwa mchanga na punje za mpira, na hakuna donge la kung'oka. Jino refu, hasa lile bapa lenye umbo la kisu, likishazama humo hubanwa pande zote. Kiwiliwili kinageuka pamoja na winga, unyayo unabaki pale pale, na mvutano unaobaki kati ya viwili hivyo unaangukia kwenye goti au kifundo cha mguu.

Wanaopima viwanja wanalijua jambo hili vizuri. Katika mpango wa ubora wa nyasi bandia ambao FIFA iliuanzisha mwaka 2001, kuna kipimo ambacho sahani yenye meno kama ya kiatu hukandamizwa kwenye nyasi kisha ikazungushwa, ili kuona inahitaji nguvu kiasi gani ili igeuke. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, uwanja wa daraja la juu ulitakiwa kutoa kati ya nyutonimita 30 na 45, na ule wa daraja linalofuata kati ya 25 na 50. Angalia kwamba kuna kiwango cha chini na kiwango cha juu pia. Uwanja usioshika unaangusha wachezaji, na unaoshika kupita kiasi unawaumiza. Kipimo hicho, hata hivyo, kinafanywa kwa meno ya aina moja tu. Wewe ukileta meno marefu ya kisu, umebadilisha hesabu yote, hata kama uwanja ulifaulu.

Kiatu unachokihitaji kimeandikwa AG, yaani cha nyasi bandia, kwenye boksi au chini ya soli. Ukikiweka sambamba na cha FG, utaona kwamba meno yake ni mafupi zaidi na mengi zaidi, kwa kawaida ni ya mviringo, na mara nyingi yana uwazi katikati kama kikombe kidogo. Ufupi na umviringo wake husaidia unyayo kuzunguka pale mwili unapogeuka. Wingi wake ndio dawa ya nyayo zako zinazowaka, kwa kuwa uzito wa mwili unagawanywa kwenye vituo vingi, ilhali katika FG unakaa juu ya meno machache, na kila jino linasukuma soli juu kuelekea kwenye unyayo. Joto nalo lina sehemu yake. Nyasi bandia zenye punje nyeusi za mpira zikipigwa na jua kali zinaweza kupita nyuzi joto 60, na joto hilo hupanda kupitia soli nyembamba bila kipingamizi.

Kuhusu goti, sipendi kulifanya suala la dukani tu. Likivimba, likikwama unapolikunja, au ukihisi linataka kukuachia unaposhuka ngazi, mwone daktari kabla ya kununua chochote.

Ndugu Mhariri, nimefuata ushauri wa kununua daluga za AG, tena za bei ya juu, lakini nateleza kuliko wenzangu wanaovaa viatu vya bei ndogo. Tunacheza watano kwa watano jioni, kwenye uwanja wa zamani wenye mchanga mwingi. Je, nimeuziwa viatu bandia kwa ajili ya nyasi bandia?

Nimecheka kwa mchezo wako wa maneno, ila nadhani viatu ni halali na ni uwanja usiolingana navyo. Jina «nyasi bandia» linafunika vitu vitatu tofauti, na kabla ya kuuliza bei ya kiatu chochote, mchezaji anapaswa kuinama na kuzigusa nyasi atakazochezea.

Nyasi za kizazi cha kwanza, kama zile zilizotandikwa katika ukumbi wa Astrodome mjini Houston mwaka 1966, zilikuwa zulia fupi la nailoni lisilojazwa kitu. Kizazi cha pili kilirefusha nyuzi kidogo na kuzijaza mchanga. Klabu ya Queens Park Rangers ya London iliweka uwanja wa bandia mwaka 1981, wa kwanza miongoni mwa klabu za kulipwa za Uingereza, na ukawa maarufu kwa jinsi mpira ulivyodunda juu na jinsi mchezaji aliyeanguka alivyoondoka na ngozi iliyochubuka. Mwaka 1988 uliondolewa. Kizazi cha tatu, ambacho wengi hukiita kwa kifupi 3G, ndicho chenye nyuzi ndefu za kati ya milimita 40 na 65 hivi, mchanga chini na punje za mpira juu yake. Daluga za AG zilibuniwa kwa ajili ya hicho cha tatu. Meno yake yanahitaji kina cha kuzama.

Bonyeza kidole gumba kwenye uwanja wenu. Kikizama na kurudi na punje, uko kwenye 3G. Kikigonga mchanga mgumu mara moja, kama unavyoeleza, basi meno yako ya AG yanasimama juu ya mchanga mithili ya mtu anayetembea juu ya gololi, na kuteleza ni lazima. Wenzako wa bei ndogo bila shaka wamevaa viatu vya TF, vyenye vijino vingi vifupi vya mpira vilivyotapakaa soli nzima, na chini ya kisigino vina tabaka laini la kupunguza mshtuko. Kwenye mkeka mfupi wenye mchanga, hicho ndicho kiatu. TF hufaa pia kwenye 3G iliyochakaa, ambayo nyuzi zake zimelala na punje zimeshikamana zikawa kama sakafu, na kwangu mimi hufaa kwa mtu yeyote mwenye magoti ya umri wa makamo, hata kama uwanja ni mpya. Unapoteza kidogo katika mbio za ghafla na katika mvua, lakini kesho yake asubuhi unaamka ukitembea.

Usizitupe AG zako. Siku mtakayoalikwa kwenye uwanja mpya, utawacheka wao.

Shikamoo Mhariri. Mwanangu ana umri wa miaka 11 na anafanya mazoezi mara nne kwa wiki kwenye nyasi bandia. Nilimnunulia daluga kubwa kwa saizi mbili ili zimfae mwaka mzima, nikajaza pamba mbele. Sasa analalamika maumivu ya kisigino, na anachechemea baada ya mazoezi. Kuna uhusiano?

Marahaba, mama. Uhusiano unaweza kuwepo, ingawa kiatu pengine si chanzo peke yake. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, mfupa wa kisigino una sehemu ya gegedu ambayo bado inakua, na ni mahali hapo hapo ambapo kano nene inayotoka kwenye misuli ya nyuma ya mguu imejishikiza. Mtoto anapokua haraka, mfupa hutangulia na misuli hubaki nyuma, kano ikakaza, na kila hatua ya mbio huivuta sehemu ile laini. Ongeza uwanja mgumu, mazoezi ya mara nne, na daluga ambazo aghalabu kisigino chake kiko chini na hakina sponji, nawe unapata mtoto anayechechemea. Mbane kisigino kwa upole kutoka pande mbili, kushoto na kulia. Akiruka kwa maumivu, hilo ni dokezo zuri la kumpa daktari, na daktari aonwe kwa vyovyote, kwa kuwa mtoto anayechechemea si wa kutibiwa kwa gazeti. Hali hiyo kwa kawaida hupoa mfupa unapokomaa, na kupunguza siku za mazoezi kwa muda husaidia kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Sasa viatu. Naelewa kabisa nia ya kununua kikubwa, maana mtoto wa umri huo huacha viatu kama nyoka anavyoacha gamba. Lakini kiatu cha mpira kilicho kikubwa kwa saizi mbili kina matatizo ambayo pamba haiwezi kuyaficha: unyayo unateleza ndani kila anapofunga breki, vidole vinagonga mbele, kisigino kinapanda na kushuka mpaka malengelenge yanatoka, na mahali kiatu kilipopangiwa kukunjika panakuwa mbele ya mahali vidole vyake vinapokunjikia. Acha nafasi isiyozidi sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Apime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, akiwa amevaa soksi zile zile za mchezo, na vipimwe vyote viwili kwa sababu miguu ya watu wengi hailingani. Kisha rudia kupima kila baada ya miezi mitatu.

Kwa mwanao ningechagua TF. Ina sponji chini ya kisigino, ni nafuu kuliko AG, na kwa umri wake hakuna beki atakayemwacha nyuma kwa sababu ya meno. Akifika umri ambao mwili umekuwa mzito na mchezo umekuwa wa kasi, swali la AG litarudi lenyewe.

Mvua ikinyesha, naruhusiwa kuvaa meno ya chuma kwenye nyasi bandia?

Hapana. Meno ya chuma ya SG, yaani viatu vya ardhi laini yenye tope, yanakata nyuzi na yanaweza kutoboa kitambaa kilicho chini yake, na wasimamizi wengi wa viwanja hivi huyakataza langoni kabisa. Sheria ya 4 ya mchezo inataja viatu miongoni mwa vifaa vya lazima na inakataza kifaa chochote chenye hatari, bila kutaja urefu wala idadi ya meno; kwa hiyo mwamuzi anaweza asikutoe, lakini mwenye uwanja atakutoa. Tena huna sababu ya kuyataka. Uwanja wa bandia uliotunzwa hupitisha maji chini, hauwi tope, na AG zinashika humo hata kukiwa na mvua.

Ndugu Mhariri, napenda viatu vyepesi vyenye soli inayokunjika kama karatasi, ili niuhisi mpira. Kwa wiki tatu sasa nina maumivu chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, hasa ninapoinuka juu ya vidole kukimbia. Nacheza winga, na uwanja wetu ni wa bandia. Nipumzike, au nibadili viatu?

Yote mawili, na ninakuomba usisubiri wiki ya nne. Dalili zako zinafanana na jeraha ambalo madaktari wawili wa Marekani waliliandika mwaka 1976 na kulipa jina linalotokana na nyasi zenyewe, baada ya kuliona mara nyingi kwa wachezaji wa futiboli ya kwao waliohamia kwenye mazulia ya kizazi cha kwanza. Kinachotokea ni hiki: sehemu ya mbele ya unyayo imeshikwa na uwanja, kisigino kiko juu, mwili unasukuma mbele, na kidole gumba kinapindwa kwenda juu kupita mpaka wake. Kano za chini ya kiungo hicho zinavutika, na pengine kuchanika. Uwanja unaoshika sana ni nusu ya sababu. Soli isiyo na ubishi ni nusu ya pili, kwa kuwa soli yenye ugumu kiasi ingekizuia kidole kabla hakijafika huko.

Jaribio lake ni rahisi kufanya ukiwa dukani. Shika kiatu kwa kisigino na ncha, ukikunje. Kiatu kizuri kinakunjika chini ya maungio ya vidole na kukataa kukunjika katikati ya unyayo. Kikikunjika popote utakapo, kama kitambaa, kiache. Kisha kishike na ukisokote kama unayekamua nguo. Kikisokoteka bila upinzani, kiache hicho pia, hata kama mchezaji unayempenda anaonekana kukivaa kwenye picha.

Daktari akikuruhusu kurudi, rudi na kiatu cha AG chenye soli ngumu kidogo, na wiki mbili za mwanzo usikimbie mbio za kasi kamili. Utauhisi mpira vizuri tu. Miguu huzoea.

Ndugu Mhariri, wiki hii tuko kwenye nyasi bandia, wiki ijayo kwenye nyasi za kawaida, na mfuko wangu unaruhusu jozi moja pekee. Nichague ipi?

Hesabu saa, wala usihesabu mechi. Wachezaji wengi hufikiria kiwanja cha mechi ya Jumapili na kusahau kwamba saa sita za mazoezi za wiki nzima ziko kwenye uwanja mwingine. Ikiwa saa nyingi ziko kwenye bandia, nunua AG, kwa sababu AG kwenye nyasi za kawaida zilizo kavu hucheza vizuri, na kosa lake kubwa ni kuteleza kidogo kukiwa na tope. FG kwenye bandia ndiyo hatari zaidi, kwa sababu tuliyokwisha kuyaeleza kwa beki wa kulia. Nikilazimika kukosea, nakosea upande wa kuteleza.

Utakutana pia na soli zilizoandikwa FG/AG au MG, zinazodai kufaa kote. Baadhi ni nzuri, baadhi ni FG iliyoongezewa herufi mbili. Usisome herufi, tazama meno: yakiwa mafupi, ya mviringo na yametawanyika soli nzima, dai hilo linaaminika. Yakiwa marefu na bapa, na hasa yale ya kisigino yakiwa makali ubavuni, hiyo ni FG.

Ndugu Mhariri, daluga zangu za FG zimeachana na soli baada ya miezi minne ya kucheza kwenye nyasi bandia. Muuzaji amekataa kunibadilishia, akisema dhamana haihusu uwanja huo. Je, ni haki? Na nitafanyaje ili zinazofuata zisiishie hivyo?

Kabla ya kumhukumu muuzaji, tafuta karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Watengenezaji wengi huandika wazi kwamba kiatu kikitumiwa kwenye uwanja ambao hakikukusudiwa, dhamana inakoma, na kwa hilo sioni kama wanatuonea. Soli ya FG imeundwa ikitegemea ardhi inayolegea. Kwenye bandia meno hukamatwa kila hatua, nguvu inarudi kwenye bamba la soli, na gundi iliyo kati ya bamba na ngozi ndiyo inayovutwa mara maelfu kwa mechi moja. Soli nyingine hupasuka kabisa penye mkunjo. Muuzaji alipaswa kukueleza siku unanunua, na hapo ndipo ninapomlaumu.

Katika zinazofuata, angalia kwanza mshono. Nyasi bandia hukwaruza kama msasa, na sehemu zinazoumia mapema ni ncha ya kiatu na ubavu wa ndani, hasa kwa mchezaji anayeburuta mguu anapopiga mpira. Mshono unaozunguka ncha, juu ya gundi, huongeza maisha ya kiatu kwa dhahiri. Ngozi ya asili ni tamu mguuni na hufuata umbo la unyayo, ila kwenye bandia huchubuka upesi na hukauka kwa joto, hivyo ukiipenda uwe tayari kuilisha mafuta yake. Ngozi za viwandani huvumilia zaidi.

Kuhusu matunzo, adui ni joto na punje. Usiache daluga kwenye buti la gari wala kuzianika juani, kwa kuwa gundi hulainika na kuachia. Usizioshe kwa maji ya moto wala kuzitia kwenye mashine. Baada ya mchezo, legeza kamba, vuta ulimi mbele, pindua kiatu na ugonge soli mbili pamoja ukiwa bado uwanjani, ili punje zirudi zilikotoka. Zilizobaki huziba pande za meno na kuyafanya yawe mafupi kuliko yalivyo, na zilizoingia ndani husaga kitambaa cha kisigino mpaka kinatoboka. Brashi kavu ya meno iliyozeeka inatosha kwa pembe ndogo. Zikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, badilisha karatasi baada ya saa chache, na uziache kivulini penye hewa. Meno yakilika hadi nusu ya urefu wake, au yale ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya upande mwingine, jozi hiyo iwe ya kutembelea tu, kwa sababu kiatu kilicholika upande mmoja kinainamisha kifundo cha mguu kila unapokanyaga.